Radi ya Alhamisi na Mashine ya Kaloleni

Kuwa fundi AC Arusha ni kazi inayohitaji imani. Mji unaamka na ukungu, watu wanaenda kazini wamevaa sweta juu ya sweta, na ikifika mwezi wa saba hata mbwa wanalala wamekumbatiana. Sasa simama mbele ya watu hao uwaambie unauza baridi. Elimringi amesimama hapo miaka ishirini na sita. Amechekwa na makonda, amechekwa na mashemeji, na kuna mchungaji mmoja alimuuliza kwa upole kabisa kama hajawahi kufikiria kuhamia Dar. Yeye anajibu maneno yaleyale kila siku, kwa uso wa mwalimu wa hesabu: baridi ya Arusha inakaa nje, haiingii kwenye bucha, haiingii kwenye stoo ya maua, na haiwezi kuingia kwenye ukumbi wenye watu mia nne waliokula pilau na sasa wanacheza.

Ni Mmeru wa Makumira, umri hamsini na moja, mfupi, na ana kofia ya sufu ambayo mkewe Joyce ameshaificha mara tatu na mara zote imerudi kichwani. Wengi wanamwita Baba Nice, jina la binti yake mkubwa. Ufundi aliingia kwa njia ya uhalifu. Akiwa na miaka kumi na saba aliifungua friji ya shangazi yake, muuza maziwa, bila ruhusa, ili aone baridi inatokea wapi. Hakuiona. Alichokiona ni gesi ikitoka kwa mlio kama wa nyoka, halafu friji kimya. Shangazi hakumpiga. Alimpeleka kwa fundi mmoja wa Usa River na kumwacha pale, akae mpaka friji ipone. Friji ilipona wiki ya pili. Elimringi alitoka pale baada ya miaka minne.

Mpaka leo ukimkuta kazini utamwona ameweka ncha ya bisibisi kwenye kompresa na mpini sikioni, macho kafumba, anatabasamu kidogo. Kwenye grupu la WhatsApp la mafundi wa baridi wenzake wanarusha vichekesho na video za paka. Yeye anatuma sauti za kompresa. Dakika tatu nzima, ngrrrrr, halafu anaandika kwa herufi kubwa, SIKILIZENI HII WADAU. Grupu zima linakausha. Baada ya nusu saa anatokea mmoja, anaweka dole gumba, kwa huruma.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho Baba Nice hakuwa nacho, na kilikuwa kinamuuma kimyakimya. Mashine kubwa, zile za kukaa juu ya paa zenye ukubwa wa gari dogo, huwa haziwashwi na yeyote tu. Kampuni inayoziuza inamtuma injinia wake kutoka Dar. Elimringi ndiye anayepima paa, anayefunga kiti cha chuma, anayeunganisha dakti za kupitishia hewa na nyaya, wiki nzima jua na mvua. Halafu siku ya mwisho injinia anashuka kwenye ndege na viatu vyake visafi, anabonyeza, anajaza fomu ya kuwashia, anasaini, anapiga picha na mwenye jengo, anawahi ndege ya jioni. Mashine kubwa kumi na moja Elimringi kazifunga mjini hapa, nyingine mpaka kwenye loji ya Momela kule karibu na maziwa. Kwenye karatasi za mashine zote hizo, hayupo. Ni kama zilitua zenyewe.

Ndiyo maana wiki ile ya Pasaka, ujumbe wa Injinia Ndesanjo wa ile kampuni ulipoingia, aliusoma akiwa amesimama katikati ya shamba la migomba na hakuondoka hapo mpaka Joyce alipotoka kumwita. Ndesanjo alikuwa amebanwa na kazi Mwanza. Aliandika hivi: mzee, ile ya Kaloleni washa wewe. Jaza fomu, nitumie. Ikienda sawa, kaskazini yote utakuwa unawasha wewe.

Aliiprinti fomu nakala mbili, moja ya kazi na nyingine kwa ajili ya ajali ya chai. Akaziweka kwenye faili la plastiki, faili akalifunga kwenye kitenge. Nice, aliyekuwa nyumbani likizo ya Pasaka, alimuuliza kama anakwenda kufunga AC au anakwenda kuposa.

*

Jengo la hiyo mashine ya Kaloleni lilikuwa la Aristides, Mchaga wa Rombo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi chini na ukumbi mpya juu. Mafundi wote wanamwita Mangi, yaani chifu wa Kichaga, naye anapenda, anajifanya hapendi. Mangi ni mtu mwenye haraka ya kuzaliwa. Anaongea na simu mbili, anakula amesimama, na ukimsalimia anajibu salamu ya mtu anayefuata. Ukumbi haukuwa na madirisha, kwa sababu wapambaji wanapenda kuta tupu za kutundikia vitambaa. Bango la UKUMBI WENYE AC lilikuwa limeshawekwa barabarani wakati AC bado iko kwenye lori Korogwe. Mtandaoni alikuwa amelipost pia, na chini yake vijana wa Chuga, ndiyo Arusha hiyo, walikuwa wameshamfanyia sherehe. Mmoja aliuliza kama wageni wataruhusiwa kuingia na mablanketi. Mwingine alisema ngoja amlete bibi yake amhifadhi.

Shughuli ya kwanza ilikuwa send-off, sherehe ya kumuaga bibi harusi, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Na send-off ina kamati, na kamati ina mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa Mama Anande. Huyu mama ameendesha kamati za harusi na send-off kwa miaka mingi kuliko ndoa nyingi zinavyodumu. Alishamwambia Mangi, bila kupandisha sauti, kwamba Ijumaa saa kumi jioni kamati itakuja ukumbini kuisikia hiyo baridi kwa ngozi zao wenyewe. Wasipoisikia, wana ukumbi mwingine wameshauwekea nafasi kule njia ya Njiro.

Kwa hiyo Jumanne kreni ilikuja, na nusu ya Kaloleni ikasimama na simu juu. Mashine ilipanda ikizunguka taratibu kama inachagua pa kutazama, na Elimringi juu ya paa akawa anaielekeza kwa mikono na kwa maneno, ingawa haina masikio. Ilitua juu ya kiti chake cha chuma bila kupotea hata upana wa kidole. Jumatano alitoa boliti za safari, zile zinazoishika kompresa isitikisike barabarani, akafunga bomba la maji, akaunganisha dakti. Alhamisi asubuhi akajaribu feni peke yake, nayo ikageuka kinyume, ikawa inavuta pale inapotakiwa kupuliza. Hicho ni kitu cha kawaida kwa umeme wa nyaya tatu. Alizima, akabadilisha nyaya mbili, akawasha, feni ikakaa kwenye mstari. Akaandika kwenye fomu.

Kisha ikaja ile sehemu anayoiheshimu kuliko zote. Mashine ikisafiri na kukaa bila umeme, gesi inaingia kwenye oili ya kompresa na kulala humo. Ukiwasha hivyohivyo, oili inatoka povu na kukimbilia kwenye mabomba, na kompresa inabaki inasaga chuma kwa chuma. Ndiyo maana chini ya tumbo lake imefungwa hita ndogo, na fomu inasema hita iwake saa ishirini na nne mfululizo kabla kompresa haijaguswa. Elimringi huwaeleza watu kwa njia yake: mtu amemaliza bakuli mbili za loshoro, mahindi na mtindi mpaka shingoni, halafu wewe unamwambia kimbia mpaka Tengeru. Mwache kwanza ishuke.

Alhamisi saa tisa alasiri akawasha umeme wa mashine, swichi za kompresa akaziacha chini. Hita ikaanza kazi. Ishirini na nne zingetimia Ijumaa saa tisa, lisaa lizima kabla ya kamati. Hesabu safi. Alipiga picha saa yake ya mkononi pembeni ya swichi, akapanda pikipiki, akarudi Makumira akiimba besi ya kwaya.

*

Usiku ule ulipoanza kuingia, mlima Meru ulivaa wingu jeusi mpaka kiunoni, na mvua ikaja na radi zake.

Mlinzi wa jengo aliitwa Lekishon, Mwarusha wa kule Musa, magharibi ya mlima, mwenye ng'ombe wanne na mke mwenye msimamo. Katika wiki ile yeye na Elimringi walikuwa wameelewana sana. Walikunywa chai ya saa nne pamoja juu ya paa, na Lekishon alikuwa ameelezwa kila kona ya mashine, akashika moyoni jambo moja kubwa: hiki ni kitu cha thamani, na Baba Nice anakipenda kama ndama wa kwanza.

Sasa radi inapiga. Kila nyumba kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River inajua cha kufanya. Unachomoa televisheni, unazima kila kitu, unafunika vioo, simu huishiki, na watoto wanakaa mbali na dirisha. Lekishon alifanya kama alivyolelewa, na zaidi. Alishuka kwenye mein swichi, akazima jengo zima. Akaona haitoshi, maana mashine ina bamba linalong'aa kuliko kioo chochote. Akapanda paani na mvua yote ile, akalifunika kwa magunia mawili na kuyafunga kwa kamba ya katani. Kisha akashuka akakaa gizani, ameloa chapachapa, anatetemeka, na moyo wake mweupe kabisa.

Saa kumi na mbili asubuhi, anga limetulia, akawasha.

*

Ijumaa saa tisa kasorobo Elimringi alipanda ngazi akiwa na shati jipya. Kitu cha kwanza kuona kilikuwa magunia.

Alisimama. Alimuuliza Lekishon, kwa sauti ya kawaida kabisa, haya magunia ni ya nini. Na Lekishon akamsimulia yote, vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ripoti ya kupandishwa cheo: radi ilivyopiga, yeye alivyozima, alivyofunika, alivyowasha alfajiri. Alimaliza kwa kusema mashine haikuguswa hata na tone.

Elimringi alifungua kifuniko cha pembeni, akaingiza mkono, akaweka kiganja kwenye tumbo la kompresa. Lilitakiwa kuwa na joto kama kikombe cha chai. Lilikuwa na uvuguvugu wa uji wa jana uliopashwa na mtu mwenye haraka. Alihesabu kwa vidole, ingawa hesabu ilishajifanya yenyewe. Tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka sasa, muda wa saa tisa tu.

Akakaa juu ya ndoo ya rangi. Kwenye faili, ndani ya kitenge, kulikuwa na kisanduku kinachouliza: hita iliwaka kwa saa ngapi mfululizo. Nani angejua. Picha ya saa ya mkononi anayo, inaonyesha Alhamisi saa tisa. Ndesanjo yuko Mwanza. Kompresa yenyewe pengine isingekufa leo. Kompresa zina roho ngumu, ingeweza kuvumilia, ikaugua taratibu, ikafa baada ya miezi minane, watu wakalaumu umeme. Hilo ndilo lililomtisha. Alijua mafundi wanaoishi ndani ya ile miezi minane, wakishalipwa na kusahauliwa. Wanaishi vizuri tu.

Lekishon alikuwa bado amesimama, na sura yake ilianza kubadilika. Aliuliza kama kuna kitu ameharibu. Elimringi akamweleza habari ya loshoro kwa mara ya pili wiki ile, safari hii polepole. Lekishon aliyaangalia magunia, akaiangalia mashine, kisha akaangalia chini kule barabarani, ambako gari la Mangi lilikuwa linapaki kwa haraka yake ya kawaida, tairi moja juu ya ukingo.

"Mangi akijua ni mimi," alisema, "leo silali hapa."

Mangi alifika paani anahema. Alipoambiwa mashine haiwaki leo, alitabasamu kwanza, akidhani ni utani wa Kimeru. Halafu akaelewa. Akazunguka mashine mara mbili. Akasema, basi dakika tano. Elimringi akatikisa kichwa. Mangi akasema dakika mbili, waingie, wapigwe ubaridi, wapige picha, watoke, halafu zima ipumzike hata wiki. Akasema yeye ana gari ambalo asubuhi huliwasha likiwa baridi miaka tisa sasa na halijawahi kulalamika.

"Mangi," Elimringi alisema, "gari lako kila mtu mtaani analijua kwa moshi."

Mangi alikuwa na sauti ya kufoka, mafundi wote wa Kaloleni wanaijua, lakini hakufoka. Alikaa kwenye ndoo nyingine. Aliongea taratibu, kwa mara ya kwanza wiki nzima, kwamba ukumbi huu ni mkopo na usingizi wa miaka mitatu, na Mama Anande akitoka hapa na kununa, hakuna kamati ya Arusha itakayopanda ngazi zile tena. Elimringi alimsikiliza mpaka mwisho. Ni rahisi kumkatalia mtu anayekufokea. Huyu alikuwa anamwomba.

Upepo wa jioni ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani, umelowa mvua ya jana, unaingia mpaka kwenye mifupa. Elimringi akavuta kofia yake masikioni. Halafu akabaki ameishika hivyohivyo kwa mikono miwili.

Mashine ya juu ya paa ina mlango wake wa kuvutia hewa ya nje. Kawaida unafunguliwa kidogo tu, watu wasipumue hewa ya jana. Lakini unaweza kufunguliwa wote. Na feni ameshaijaribu, ni nzima, haihitaji oili ya kompresa wala kungoja chochote.

Alifungua mlango ule kwa mkono mpaka mwisho, akahakikisha swichi za kompresa ziko chini, akazifunga kwa tepu nyekundu ya umeme asije mtu mwenye mapenzi mema akazigusa. Akawasha feni. Mangi aliteremka ngazi mbilimbili kwenda ukumbini, na baada ya dakika chache akarudi akiwa na sura ya mtoto siku ya Krismasi. Kule chini kulikuwa na baridi kama Ngaresero saa kumi na mbili asubuhi. Alimkumbatia Elimringi. Akamwambia sasa mzee baba, kamati ikija wewe nyamaza, mimi nitaongea.

Elimringi alikuwa anamwangalia Lekishon, ambaye alikuwa anayakunja magunia yake vizuri sana, kona kwa kona, kama mtu anayefunga mizigo.

*

Kamati ilikuja saa kumi kamili, wanawake watano na mwanaume mmoja wa kubeba daftari. Walisimama katikati ya ukumbi, hewa ikawashukia kutoka kwenye matundu ya dari, na wawili wakajifunika khanga. Mangi aliongea. Aliongea kuhusu teknolojia, kuhusu Moshi ambako kumbi zote zina AC na Arusha tunaonekana washamba, kuhusu wageni wa kutoka Dar ambao hawatatokwa na jasho kwenye suti. Hakusema uongo hata mmoja. Aliuzunguka tu, kama mtu anayeruka dimbwi.

Mama Anande hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amesimama chini ya tundu moja, pua juu, ananusa. Kisha akageuka, akamtafuta kwa macho yule mwenye kofia ya sufu.

"Fundi. Mbona AC yako inanukia majani mabichi?"

Elimringi alimwamkia shikamoo kwanza, maana mama alikuwa amemzidi miaka kumi na zaidi. Mangi nyuma ya mama alikuwa anaongea kwa nyusi tu.

"Hii siyo AC, mama," Elimringi alisema. "Ni feni, inavuta hewa ya nje. Kompresa yenyewe nitaiwasha kesho saa moja asubuhi, haijawa tayari."

"Kwa nini haijawa tayari?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mlangoni Lekishon alikuwa amesimama na rungu lake, amenyooka. Mangi alikuwa ameacha nyusi. Jibu la kweli lilikuwa na jina la mtu ndani yake, na jina hilo lilikuwa na ng'ombe wanne na watoto wanaosoma. Lakini Elimringi alipolitafuta jibu vizuri aliona kuna la kweli zaidi, lipo karibu yake, lilikuwa karibu tangu jana.

Alisema mashine ilitakiwa kubaki na umeme usiku mzima, na ilizimwa kwa ajili ya radi. Akasema fundi anayejua kazi anaacha kibao kwenye swichi, kwa maandishi makubwa, usizime, na anamwambia mwenye kulinda. Yeye alimweleza mlinzi habari zote za mashine wiki nzima, ila hiyo moja hakuisema. Alipiga picha saa yake, akaondoka akiimba.

Mama Anande aliuliza ni nani Arusha hii hazimi vitu radi ikipiga. Nyumbani kwake yeye huzima mpaka redio ya betri. Mwenye daftari akaanza kucheka, akakatazwa kwa jicho. Kisha mama akatoa hukumu. Kesho saa mbili asubuhi, kabla ya saluni, atapita hapa mwenyewe. Mashine ikiwa inafanya kazi, send-off iko hapa. Isipokuwa hivyo, wapambaji wanapakia vitambaa wanakwenda Njiro. Akamgeukia Mangi, akamwambia ukumbi ni mzuri, ila apunguze kuongea.

Walipoondoka Mangi alitoka mpaka mlangoni, akamwambia Lekishon kwamba usiku wa leo, hata Meru yenyewe ikilipuka, ile swichi haiguswi. Akaenda dukani kwake, akarudi na kopo la rangi nyekundu na kipande cha ubao, akampa Elimringi aandike mwenyewe kibao cha usizime.

*

Jumamosi saa moja kasoro dakika ishirini, Elimringi alimkuta Lekishon amekaa kwenye kiti mbele ya mein swichi, rungu magotini. Haikunyesha hata tone. Alisema aliomba isinyeshe, halafu akaomba samahani kwa Mungu kwa ajili ya mahindi.

Tumbo la kompresa lilikuwa na joto la chai. Elimringi alifunga geji zake, akabana mita kwenye waya, akabandua tepu nyekundu. Mlango wa hewa ya nje akaurudisha mahali pake. Alipandisha swichi ya kwanza, akaenda ukumbini kuomba baridi kwenye kile kibonyezo cha ukutani, akarudi juu mbio. Kuna sekunde kama thelathini mashine inafikiria. Katika sekunde hizo alisikia jogoo wa jirani, na mtu anafungua shata barabarani.

Kompresa ikashika. Hakuna kugonga, hakuna kusaga. Mlio mmoja mnene, wa chini, kama mzee anayeguna kukubali kitu. Elimringi aliweka bisibisi sikioni na kufumba macho, na hapo akakaa. Lekishon aliinama akaweka sikio lake moja kwa moja kwenye bati, akasema anasikia ng'ombe anacheua. Kompresa ya pili, pacha wake, nayo ikawashwa, ikajibu. Geji zikapanda na kutulia palepale kitabu kinaposema. Ampea zilikuwa sawa kwenye nyaya zote tatu. Maji yakaanza kudondoka kwenye bomba, tone, tone, na ukumbini joto likashuka digrii moja kila dakika chache, safari hii bila harufu ya majani.

Mama Anande alifika saa mbili na dakika tano, na rola zikiwa tayari kichwani. Alisimama chini ya tundu lilelile, akanusa, akasubiri. Akasema ipunguzwe kidogo, magoti yake hayataki mchezo. Mwenye daftari akaandika hilo. Wapambaji wakaambiwa waendelee kutundika.

Elimringi akarudi paani, akafungua kitenge, faili, fomu. Kwenye kile kisanduku aliandika kama ilivyokuwa: hita iliwashwa Alhamisi saa tisa alasiri, umeme ukazimwa jioni kwa sababu ya radi, ukarudi Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, kompresa haikuguswa mpaka leo saa moja, na kibao cha usizime sasa kipo. Maneno hayakutosha, akageuza karatasi akamalizia nyuma. Akapiga picha pande zote mbili na kumtumia Ndesanjo, halafu akakaa kwenye ndoo ya rangi akiiangalia simu kama mtu aliyetuma posa.

Alama mbili zikawa bluu. Ndesanjo anaandika. Ndesanjo ameacha kuandika. Ndesanjo anaandika tena. Kisha simu ikaita.

Injinia aliuliza maswali mengi, na yote yalihusu ule usiku. Alitaka joto la oili asubuhi hii, alitaka kujua kama kompresa iligonga hata kidogo, alitaka picha ya kibao. Elimringi alijibu moja baada ya jingine. Akangoja aambiwe kwamba safari ijayo watatuma mtu.

"Fomu siwezi kuipokea hivi, mzee," Ndesanjo alisema.

Elimringi akasema ameelewa.

"Hujaelewa. Angalia chini kabisa. Jina la aliyewasha hujajaza."

Aliangalia. Kweli kabisa. Kuanzia juu mpaka chini, mbele na nyuma, karatasi ilikuwa imejaa mwandiko wake uliobanana, na chini kulikuwa na mstari mweupe, msafi. Kumi na moja zilizopita mstari ule alikuwa anauruka, anamwachia mwenye viatu visafi, na mkono wake ulikuwa umeuruka na leo bila kumuuliza. Ndesanjo alikuwa anacheka kule Mwanza, siyo kwa ubaya, akisema mwezi ujao kuna mbili za kuwasha Moshi na moja Karatu, sasa atazipeleka kwa nani kama fomu haina mtu.

Kalamu ilikuwa imeishiwa wino, kwa sababu ya yale maelezo ya nyuma. Lekishon alishuka mpaka dukani kwa Mangi na kurudi na nyingine, ya kuwekea alama kwenye mabomba, nene kama kidole. Elimringi aliiangalia ile kalamu, akauangalia mstari. Akaweka karatasi juu ya bamba la mashine, ambalo lilikuwa linatetemeka taratibu, na akaanza kuandika. Jina lake la kwanza peke yake lilimaliza nafasi yote. La baba likaingia kwenye kisanduku cha tarehe, na la ukoo likatoka nje ya fomu kabisa, kwenye ukingo, likielekea chini.